Gari la Masufuria

Molenbeek, Jumatatu

Kaka Abdul-Aziz,

Salaam aleikum. Huku wote wazima, ila mvua haijatuacha.

Niliponunua hili gari la umeme la kupandia milima, ulicheka kwenye simu: "Brussels yote lami, utalipeleka wapi?" Bon, sawa. Jumamosi tumemwoza mwanao Nuru, na kwa kuwa ulikosa viza, nakupa habari mwenyewe.

Najua ulimwagiza tonton Hamissi, mjomba wa Nuru, kwamba mtalaka kama mimi asimbebe bibi harusi, ni mkosi. Akanipanga nyuma ya msafara, gari la tisa kati ya tisa, nibebe masufuria ya pilau. Nikapakia.

Ukumbi ulikuwa shambani nje ya mji, na njia ya kuingilia ilikuwa tope tupu. Gari la bibi harusi, lile jeusi la kukodi, likazama nusu ya magurudumu. Mengine saba yakakwama nyuma yake. Mimi nikapita pembeni, majanini, bila hata kelele ya injini.

Nuru akashuka, kainua gauni. Hamissi akamshika mkono: "Subiri, mwanangu, tutalisukuma."

"Sukumeni, tonton. Mimi naenda na shangazi."

Akakaa mbele, sufuria ya kachumbari mapajani. Tukafika wa kwanza, betri ikiwa bado na asilimia themanini na moja. Mlangoni nikataka kuwaachia wengine wamwingize. Akakataa: "Aliyenifikisha ndiye ataniingiza."

Nikamwingiza, kaka, na tope langu viatuni, vigelegele ukumbi mzima.

Uliuliza nitalipeleka wapi. Ni huko.

Dada yako wa gari la tisa,
Rayhana