Nambari Zinaenda Tororo

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua ofisi. Nimefagia, nimemwaga maji mlangoni vumbi litulie. Foleni ya malori imepita kituo cha mafuta, mwisho wake sikuuona. Chai. Kompyuta. Programu ya barua pepe inauliza neno la siri. Nimeandika. Ikauliza tena. Nimeandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto. Ikauliza tena.

Imekuwa hivyo tangu wiki iliyopita. Barua ya mwisho iliyoingia ni tangazo la matairi.

Lori la Hajji Twalib liko kwenye foleni hiyo. Limebeba tende kutoka Mombasa, zinakwenda dukani kwake Mbale. Mwezi umeshaandama, watu wa huko wanazingoja kwa futari. Hajji ana duka lingine Busia mjini na ndiye mteja mkubwa wa uwakala wetu wa forodha. Waliobaki ni wa kubahatisha.

Karatasi za mzigo na idhini ya forodha hutumwa kwa barua pepe ya ofisi. Bila hizo lori halivuki mpaka kuingia Uganda. Lisipovuka, Hajji anaondoka. Hajji akiondoka, nafunga ofisi. Nimeyaandika hayo nione kama yataniuma. Hayakuniuma.

Jumanne, 4 Machi

Hajji alipiga asubuhi. Aliuliza kwa nini nisitumie anwani nyingine. Nilimweleza. Forodha wanaijua anwani moja tu, ile iliyosajiliwa. Kuibadilisha kunataka mwenye jina afike mwenyewe na kitambulisho. Mwenye jina ni Etyang, mume wangu. Amelala shambani kwetu, upande wa Kocholia, tangu Desemba. Hajji akasema pole. Watu husema pole kwa haraka siku hizi, kama mtu anayefunga mlango.

Fundi alikuja kutoka Busia. Anaitwa Wafula, ana begi la nyaya na maneno mengi. "Hii ni kitu kidogo, madam," akasema. Alifuta akaunti kwenye kompyuta ili aiweke upya. Barua zote za zamani zikatoweka kwenye kioo. Za wateja, za Etyang, zote. Pakabaki peupe. Nilimtazama tu. "Usijali, madam, ziko kwa cloud. Zitajileta."

Hazikujileta. Neno la siri lilikubaliwa, lakini kikatokea kidirisha kipya: thibitisha kuwa ni wewe, tumetuma nambari kwa simu inayoishia na 47. Nilitoa simu yangu. Laini zangu mbili, hakuna yenye 47. Wafula akabonyeza watume tena. Na tena. Kila akibonyeza anaiangalia simu yangu kama inamficha kitu. Alikula njugu zangu zote akaenda.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Misa ya asubuhi, kanisa limejaa. Padri alinipaka, akasema u mavumbi na mavumbini utarudi. Nilitaka kumwambia hilo nalijua, nimelipia na jeneza.

Nikiwa ofisini, nimetoka kubonyeza watume tena, simu ililia. Ujumbe: karibu Uganda. Nimeketi Kenya, kwenye kiti changu. Hapa Malaba simu huruka mpaka zenyewe, hakuna anayeshangaa. Ila leo nilishtuka. Nikaijua ile 47.

Ni laini ya Etyang ya Uganda. Ndani ya ofisi hii mtandao wa ng'ambo hushika kuliko wetu, kwa hiyo kila kitu cha kazi alikifungua kwa laini ile. Watu wengi hapa hufanya hivyo. Unaishi upande huu, simu yako inaishi upande ule.

Laini iko ndani ya simu yake. Simu iko Tororo kwa dada yake, Apolot.

Ilikuwa siku ya kugawa vitu vya marehemu. Makoti kwa kaka zake, baiskeli kwa mjomba, redio kwa binamu. Simu niliitaka mimi. Mzee mmoja wa ukoo akauliza laini ni ya wapi. Wakamwambia. Akasema laini ya Uganda irudi Uganda, apewe Apolot. Watu wakacheka kidogo, wakaona ni busara. Hakuna aliyefikiria barua pepe. Hata mimi sikufikiria.

Apolot akaichukua bila kunitazama. Siku ya mazishi alikuwa amesema mbele ya watu kwamba ndugu yake alikufa akiuliza niko wapi, na mimi nilikuwa kwenye malori. Ni kweli nilikuwa kwenye malori. Etyang mwenyewe alinituma kutoka kitandani, akasema lori la Hajji lisilale hapa. Hilo sikulisema. Nani angeamini.

Mtoto wetu Akiru alipiga kutoka shuleni jioni. Nilimwambia mambo ni mazuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nilifungua simu nikatafuta jina. Nililihifadhi mwenyewe zamani: Baba Akiru UG. Picha yake bado ipo, amevaa kofia ya harusi ya mtu.

Sikubonyeza. Sijawahi kumpigia mtu aliyekufa. Na anayeshika simu sitaki kuzungumza naye.

Nilimwambia Wafula atafute njia nyingine. Akatafuta siku nzima. Aliingilia kwa simu yangu, kwa kompyuta yake, kwa kivinjari. Njia zote zinaishia 47. Jioni akaunti ikajifunga. Umejaribu mara nyingi mno, ikasema, jaribu tena baadaye. Wafula alijikuna kichwa. "Madam, hapo sasa lazima upate mwenye hiyo namba."

Namjua. Ndiyo shida.

Ijumaa, 7 Machi

Imefungwa bado. Hatukujaribu kitu.

Dereva wa Hajji amekuja mlangoni mara mbili. Anasema turubai linawaka kwa jua na tende zimeanza kunata. Hana hasira, amechoka. Amekaa kwenye ile foleni mpaka kina mama wa chapati wamemzoea.

Hajji alipiga alasiri. "Mama Akiru, mimi nimefunga, sitaki kukasirika. Marehemu tumetoka naye mbali. Lakini Jumatatu kama hakuna kitu, nitatafuta agent mwingine. Usinione mbaya." Nilimjibu sawa. Simwoni mbaya. Hata mimi ningetafuta mwingine.

Nimekula viazi. Nimejaribu kulia, kwa kuwa nilikuwa peke yangu na ilikuwa nafasi nzuri. Hakuna kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Akaunti imefunguka. Nilimwacha Wafula mbele ya kompyuta na njugu zake. Nikavuka kwa miguu na kitambulisho. Ng'ambo kijana wa boda akaniita, "Nyabo, tugende?" Tukaenda Tororo.

Njia nzima nilipanga maneno. Mpe kwanza salamu. Usiketi. Sema unataka nambari tu, haraka, kazi inangoja. Akianza mambo ya mazishi, ondoka, lori lioze.

Nilimkuta Apolot uani, amepiga magoti, anaanua wimbi kwenye mkeka. Amekonda. Ana paji la uso la Etyang. Nilikuwa nimelisahau hilo au nilikataa kulikumbuka. Akainuka, akajipangusa mikono. "Yoga, Mama Akiru." Nikaitikia salamu. Akaniletea kigoda. Nikaketi.

Nilimweleza habari ya kompyuta. Sijui alielewa kiasi gani. Hakuuliza swali. Aliingia ndani akatoka na kikombe cha bati, na simu ya Etyang imo ndani ya kikombe. Huiweka dirishani humo, ndipo mtandao unaposhika. Ilikuwa na chaji. Imefutwa vumbi.

Nikampigia Wafula, nikamwambia bonyeza. Tukangoja, sisi wawili na kikombe. Ikalia.

Hakubadilisha mlio. Ni ule ule. Ulikuwa ukilia bafuni, shambani, kanisani akisahau kuuzima. Mwili wangu ulishtuka ukataka kuinuka kumwita, simu yako hiyo. Nilishika kigoda. Nilipoiokota simu sikuweza kusoma. Tarakimu ziliogelea. Wafula akawa anauliza madam, madam, mpaka muda wa nambari ukaisha.

Tukarudia. Safari hii Apolot alinyoosha mkono akaichukua. Akasoma mwenyewe kwa Kiteso, moja moja, kwa sauti ya mtu anayehesabu vifaranga. Mimi nikawa nazisema kwa Kiswahili kwenye simu yangu. Kisha Wafula akapiga kelele. "Imeingia! Madam, zinaingia!"

Nikamwashiria Apolot kwa kichwa kwamba imekubali. Akasema eyalama, asante, kana kwamba ni mimi niliyemsaidia.

Nilitaka kuondoka. Alikuwa ameshapika. Atapa, ule ugali wa wimbi, na mboga za karanga. Tukala kwa bakuli moja. Simu ilikuwa kati yetu na nikaona zile jumbe zote za Wafula, moja chini ya nyingine. Nambari ambazo zilishakufa. Hakufuta hata moja.

Akaona ninaziangalia. Akasema, bila kuniangalia:

"Imelia tangu Jumanne. Ya kwanza nilifikiri ni yeye. Nikaketi chini. Halafu mtoto wa jirani akanisomea hicho Kiingereza, akasema ni mambo ya email. Nikajua ni wewe. Nikasema, Mama Akiru ameamka, yuko kwa ofisi. Nikawa nangoja ilie." Akamega atapa, hakula. "Jana haikulia. Nikasema, sasa huyu naye amekuwaje."

Nilimchukia mwanamke huyu tangu Desemba, kwa bidii, kila siku kabla ya kulala. Niliitafuta ile chuki pale kwenye kigoda nikaikosa. Kukawa na nafasi tupu ilipokuwa imekaa, na ndani ya nafasi ile nikaanza kulia. Vibaya, na kamasi. Chakula mdomoni. Apolot alisogeza bakuli lisimwagike. Hakunigusa, hakuninyamazisha. Alingoja tu.

Habari ya mazishi hakuitaja. Ila wakati wa kunisindikiza, njiani, nilimwambia Etyang ndiye aliyenituma kwenye malori. Akatembea kidogo. Akasema, "Huyo, hata mama alikuwa anamtuma kwa kazi." Alikosea maneno, nadhani alitaka kusema huyo alikuwa akituma hata mama. Nilimwelewa. Ni kweli.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda misa. Nilikwenda ofisini, nikaketi mbele ya kompyuta.

Zimeingia zote. Wafula alisema kweli, zilikuwa huko juu. Za zamani zimerudi mahali pake. Mpya ni karatasi za Hajji, matangazo, mtu anauliza bei ya kusafirisha kuku. Watu bado wanamwandikia: Mpendwa Bwana Etyang. Hakuna barua ya ajabu. Nilikuwa nimeogopa itakuwepo, au nilitumaini. Hakuna. Barua yake ya mwisho aliyotuma inasema: tafadhali pokea viambatisho.

Nikajibu ya kuku.

Jumatatu, 10 Machi

Idhini imefika. Lori limevuka mchana. Dereva alipiga honi alipopita mlangoni, ndefu, mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Hajji alituma ujumbe wa sauti, ananiombea dua nyingi. Sehemu ya tende imeharibika, hakulitaja hilo. Dereva ndiye aliyeniambia.

Wafula alikuja kumalizia. Alifungua mahali pa kubadilisha simu. "Madam, sasa tuweke namba yako. Hii ya Tororo itakusumbua kila mara." Alikuwa ameshaanza kuandika. Mkono wangu ulienda wenyewe ukashika kipanya.

Nilimwambia aache.

Akanitazama. Nadhani alinionea huruma, au aliona nimerukwa na akili. Akafunga begi lake.

Jumatano, 2 Aprili

Idd imepita. Hajji ameleta sahani ya pilau, imefunikwa kwa kitambaa. Analeta lori lingine wiki ijayo.

Mvua imenyesha usiku, barabara ni tope jekundu. Nimefungua, nimefagia, nimechemsha chai. Kompyuta ilijizima umeme ulipokatika. Ilipowaka, programu ikauliza kama ni mimi. Nambari imetumwa kwa simu inayoishia na 47.

Nikatoa simu. Baba Akiru UG. Kofia ya harusi. Nikabonyeza.

Apolot aliipokea upesi. Ilikuwa imeshamlilia, akawa anangoja. Akasoma, nikaandika, zikaingia. Kisha akauliza kama nimekula. Nikamwambia bado, ila kuna pilau.