Nyama Haikuwa na Sumu

Mpofi, Walikale
17 Februari 2008

Dada yangu mpendwa Skolastika,

Shikamoo dada. Nakuamkia wewe kwanza, kisha Mama, shemeji na watoto wote hapo Kasulu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Au bado anatorokea shambani mkigeuka tu? Mimi afya yangu ni njema, ingawa nimekonda.

Uliniuliza tunaishije huku. Tunaishi na mvua, dada. Nguo haikauki mpaka ianze kunuka. Tunakula foufou, yaani ugali wa muhogo, na sombe, ambayo ni kisamvu chetu kilekile, na siku ya bahati tunapata samaki wa chumvi. Simu inashika juu ya kilima cha kanisa tu, kwa hiyo jioni utatukuta tumejipanga kule kama kunguru, kila mtu na simu sikioni. Barabara ya Masisi ina mashimo ya kumeza lori. Yote hayo nayavumilia, mimi si mtu wa kulalamikia matope. Yanayonishinda ni mengine, na nimeamua kukuandikia nikiwa na hasira yangu hivi hivi. Nikingoja ipoe nitakuandikia adabu tupu.

Najua huko mnasikiliza redio. Inawaambia mapigano yameendelea mashariki ya Kongo, makabila hayaelewani, halafu unapigwa muziki. Habari za mto wetu hukuzisikia, wala hutazisikia.

Mto huo unapita chini ya soko. Nilipofika hapa nilikuwa naona kokoto chini ya maji. Sasa ni mwekundu na mzito kama uji wa ulezi. Juu huko mkubwa mmoja mwenye askari wake amefungua machimbo ya dhahabu. Amefyeka msitu wa mlima mzima, akajaza vijana wa kuchimba bila kuwachimbia choo hata kimoja. Udongo wanauoshea mtoni, na zebaki ya kunasia dhahabu inamwagwa humohumo. Kila kinachowatoka, na nikisema kila kitu nina maana hiyo, kinashuka kwetu. Samaki walielea, wakaoza, wakaisha. Niliwaandikia wakubwa wa shirika langu kule Goma. Walinijibu kwamba wananishukuru kwa taarifa.

Kabla ya Noeli watoto wakaanza kuharisha damu. Mimi na muuguzi mwenzangu Marcellin tuliwalaza hadi kwenye baraza ya zahanati, juu ya mikeka. Alikuwamo Aimée, binti wa Papa Eugène, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka kubwa hapa. Aimée alipona. Trésor, mtoto wa pekee wa Mama Adelaïde muuza maandazi, alikufa mikononi mwangu nikimtafutia mshipa. Mama yake hakulia. Aliniuliza tu ni nini kimemuua mwanawe. Nikamwambia ni maji. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. Maji hayo alikuwa anayachota yeye mwenyewe kila asubuhi, dada. Ningejua, ningelitafuta neno jingine.

Wiki ile ile redio ndogo ya hapa ikatangaza kwamba watu walioshuka na ng'ombe kutoka Masisi wametia sumu katika maziwa ili kuwamaliza watoto wa Mpofi. Watu gani hao? Hapa alikuwepo mmoja tu mwenye ng'ombe, naye ni Mama Kamaliza. Ni mjane wa Kirolirwe, huko Masisi. Vita vilimchukulia mume na kundi zima, akabaki na ng'ombe mmoja mwekundu aitwaye Bihogo, akatembea naye milimani hadi huku kwa kuwa aliambiwa kuna usalama. Alikuwa akiuza mashanza, yaani maziwa mgando, kwa kikombe, na wagonjwa wangu aliwapa bure.

Niliposikia kelele nilikimbia na koti langu la kazi. Walikuwa wamemfunga kwenye nguzo ya soko. Mbele yao alisimama Mama Adelaïde, na mkononi alishika mti wa kusongea foufou. Nilijitupa kati. Mimi mgeni, mwanamke, Mtanzania, nilipiga kelele kwa Kiswahili chetu cha Kigoma mpaka sauti ikanikauka, na wengine walinicheka matamshi. Katekista Séraphin ndiye aliyekata kamba. Tulimtoa akiwa na mkono uliovunjika na meno mawili hayapo.

Bihogo walimchinja palepale. Na sasa nisikilize vizuri, Skolastika. Nyama waliila! Watu waliosema maziwa ya ng'ombe yule ni sumu waligawana mapaja, mbavu, na utumbo. Moshi ulikuwa unaingia zahanati, na Mama Kamaliza amelala kitandani anaunusa. Aliniuliza kama ni yeye wanamchoma. Nilidhani anaweweseka kwa homa, kumbe anamwulizia Bihogo. Wala hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo kwa nyama ile.

Kesho yake nilikwenda redioni. Mtangazaji ni kijana mmoja anaitwa Stéphane. Nikamuuliza habari ile aliitoa wapi. Akaniambia kwa upole kabisa, akiniita muuguzi kwa Kifaransa chao:

“Mama infirmière, miye nasomaka tu communiqué yenye bananiletea.”

Nikamuuliza nani aliileta taarifa hiyo. Akatazama mlango, kisha akaninong'oneza. Ililetwa na mtu wa machimbo, dada. Yule yule anayetunywesha kinyesi ndiye aliyemchagulia mama yule kosa lake! Nilitaka nipewe kipaza sauti niseme, akakataa, akasema watamuua. Sikumlaumu kwa kuogopa. Nilimlaumu kwa kusoma vizuri, kwa sauti nzuri, kama anasoma matokeo ya mpira.

Hapo akaingia Papa Eugène. Sikumwita. Ni mtu mnene, mpole, kila Jumapili yuko kiti cha mbele kanisani, na siku zote nilimhesabu kuwa mtu wa kulinda duka lake. Mazutu, yaani dizeli, ya jenereta ya redio ile ni yake. Akasema:

“Stéphane, Aimée wangu hakunywaka maziwa tangu azaliwe. Akionja tu, anatapika. Sasa iyo sumu ilimufikia wapi? Acha huyu mama aseme, ao mazutu yangu naibeba sasa hivi.”

Basi nilisema. Nilieleza habari ya mto, vyoo, zebaki, ugonjwa unavyopita, na jinsi ya kuchemsha maji. Nilisema mwenye machimbo anajua. Papa Eugène akarudia habari ya binti yake, akataja jina lake kamili na la baba yake, ili asitokee mtu wa kusema hakumfahamu.

Hatukuadhibu mtu, usidhani hivyo. Machimbo yanaendelea, hata ninapoandika mto ni mwekundu. Redio ilifungwa siku mbili baadaye, Stéphane akakimbilia Goma. Lori la Papa Eugène lilizuiwa kwenye kizuizi cha askari na halijarudi, na mke wake Kasoki sasa anauza chumvi kwa vikombe pale lilipokuwa duka la jumla. Nilimwomba Kasoki radhi. Akanijibu nisimwombe radhi yeye, maana aliyekuwa mkekani ni mtoto wake. Ila wanawake wameacha kuchota mtoni. Wanapanda hadi kwenye chemchemi nyuma ya kanisa, mlima wa kukata pumzi, na baraza yangu imepungua mikeka.

Mama Kamaliza alipoweza kusimama, katekista alikusanya waliokula nyama, wakamletea mbuzi. Walifanya kama wamemaliza kesi. Alimtazama yule mbuzi, akamtazama katekista, akasema:

“Sitaki mbuzi. Muliniita mulozi mu soko, mbele ya bantu. Murudi kule kule, museme na kinywa yenu.”

Mulozi ni mchawi, dada. Wanaume waliangalia chini. Wengine wakaondoka na mbuzi wao. Siku ya soko iliyofuata Mama Kamaliza alikwenda na mkono wake umefungwa, akasimama kwenye nguzo ile ile, hauzi kitu, amesimama tu. Jua likapanda. Watu wakampita wakinunua mihogo. Nilitaka kumshika mkono nimrudishe, akanikataza kwa macho.

Ndipo Mama Adelaïde alipoacha sufuria la maandazi likiungua motoni, akaja. Alisema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa soko:

“Huyu mama hakuua Trésor. Miye nilitafuta muntu wa kuchukia, njo yeye nilikuta karibu. Nilimupiga. Anisamehe ao asinisamehe, lakini si mulozi.”

Mama Kamaliza hakusema amesamehe. Alisema maandazi yanaungua. Wakaenda pamoja kuyaopoa.

Sasa dada, nimefika kwenye neno nililokuwa nikilikwepa tangu juu. Shirika limenifukuza. Wamesema nimeingilia siasa na kuhatarisha kazi zao, na walituma gari kunipeleka Goma nipande ndege. Gari lilikuja juzi. Marcellin alipanda, ana watoto wadogo, simsemi. Mimi nilitoa sanduku langu nje, nikakaa juu yake, nikawaza harusi yangu na Ladislaus baada ya Pasaka, na uso wa Mama. Gari likaondoka, mimi bado nimekaa juu ya sanduku. Dawa zimebaki kidogo, parokia imenipa chumba, na Mama Kamaliza anajifunza kusafisha vidonda kwa mkono mmoja.

Mwambie Ladislaus asiningoje. Mwambie wewe, kwa mdomo, nyumbani kwake, asisikie kwa watu. Nampenda. Liseme hilo pia, hata kama litamuudhi.

Mama usimwambie ya askari. Mwambie nimepewa kazi zaidi, si uongo. Wasalimie wote, mjomba na majirani, mmoja mmoja kwa majina yao.

Barua hii imebebwa na Sista Constance wa hapa parokiani, anayepitia Kigoma. Ametoka mbali na miguu imemvimba. Mchemshie maji aoge, na usimuulize lolote mpaka amelala.

Mdogo wako akupendaye,
Leokadia