Kaburi Lako Liko kwa Leonidas

Baba,

Mwidiwe. Nakusalimu kwa Kiha kwa sababu hukupenda mtoto wako akuanze na shikamoo kama mwalimu wa shule. Makofi ya salamu leo siwezi, mkono mmoja una kalamu. Ni mimi, Skola wako niliyeolewa Busunzu, huku Kibondo. Nimekaa mlangoni mwa jiko, ni mchana, muhogo uko juani. Jirani akipita akaniuliza naandika nini, nitamwambia naandika vya kununua dukani.

Sijalia, Baba. Tangu siku ile hospitali ya Kabanga walipotuita wodini tukuage mpaka leo, mwezi wa nne huu, macho makavu. Wifi yangu Eda, mke wa Kaka, alisema kwenye matanga, na alihakikisha nasikia, kwamba nina roho ngumu. Roho yangu si ngumu, imekufa ganzi tu, kama mguu ukiukalia vibaya, unaushika na unajua ni wako lakini wenyewe haujui. Nalima, nafua, napika. Watu wakinipa pole nawaambia tumeshapoa.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Hukuzikwa ulipotaka.

Kila mvua za kwanza zikinyesha ulikuwa unatuambia, "Mimi mtanilaza kwa mama yenu, kwenye migomba yake." Tulikuwa tunakucheka, tunasema mzee ameanza tena. Basi nilipofika nyumbani Titye nikitokea hospitali, shimo lilikuwa limeshachimbwa, na halikuwa kwenye migomba ya Mama, kando ya kaburi lake. Lilikuwa kule bondeni, ng'ambo ya ule uzio wa minyaa, ndani ya shamba la Mzee Leonidas. Kaka Zakaria alikuwa ameikata minyaa ya mpaka asubuhi hiyo ili jeneza lipite. Na wewe unayajua maziwa ya mnyaa yakiingia machoni. Macho yake yalikuwa mekundu, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, akina mama wakasema jamani, tazama mtoto wa kiume anavyomlilia babake. Nilikuwa nimesimama karibu yake, nikajua ni minyaa. Sikusema kitu.

Hilo ndilo linalonikaba. Sikusema kitu! Nilijua kwa nini amekupeleka bondeni. Kwetu mtu akishalala mahali, nani atakuja kumwambia mwanawe kwamba hapo si kwao? Kaka alikuzika wewe kama anapigilia kigingi. Nami nikatupa udongo wangu kama wengine, nikanawa mikono, nikala ugali na maharage, nikaongeza na mchuzi.

Habari za Leonidas unazijua kuliko mimi, lakini acha nizirudie, maana siku hizi zinasimuliwa vingine. Alivuka kutoka Burundi na mke mjamzito na mkeka mmoja. Ukamwonyesha bondeni, ukamwambia alime maharage na mahindi. Ardhi ya kuazima ndivyo ilivyo, unalima cha kuvuna msimu huo huo, mgomba hupandi, kahawa hupandi, maana ukishapanda kitu kinachobaki ardhini na wewe umebaki. Kila mtu Titye analijua hilo, hata mtoto. Naye Leonidas alilishika. Misimu mitatu alilima maharage yake kwa adabu, hakuchomeka hata mpapai.

Halafu wewe mwenyewe ukampelekea migomba.

Mama alikuuliza una akili kweli wewe mzee. Ukamjibu lile jibu lako, "Mtu akihamishwa mara moja, inatosha." Tulilisikia mpaka likatuchosha. Ulikuwa kijana ilipokuja operesheni ya vijiji. Mlikuwa mnaishi kule mlimani, kila mji na eneo lake, moshi wa jirani unauonea mbali. Bibi alikataa kutoka mpaka walipoezua nyasi za paa akiwa ndani. Mkapakiwa kwenye lori na mbuzi na vyungu, mkashushwa Titye kando ya barabara, mkaambiwa haya, kwenu ni hapa. Ulinipeleka mara moja kuyaona mahame yenu. Tuliona mawe ya mafiga tu, na nguzo nyeupe ya mpaka wa msitu wa hifadhi imesimama katikati ya uwanja wa bibi. Ulikaa kwenye figa, ukavuta tumbaku yako mpaka ikaisha, tukarudi.

Kaka naye simwiti mwizi. Ana wavulana wanne na shamba ni lile lile. Msituni ukionekana na jembe unakamatwa. Upande wa pili wafugaji wameshuka na ng'ombe wao, wanatafuta majani, kila msimu watu wanakimbizana na fimbo. Kila akitazama anaona mahali pameisha, isipokuwa bondeni kwa mzee mmoja ambaye watu bado wanamwita mgeni. Simlaumu kwa hofu yake. Namlaumu kwa lile shimo.

Matanga yalipokwisha tu akamwendea Leonidas, akamwambia avune maharage aondoke. Akamwambia, "Baba yangu amelala hapa. Wako amelala wapi?" Aliniambia mwenyewe kwenye simu, kwa kujisifu. Baba, niliona aibu. Leonidas ana watoto sita, wote wamezaliwa bondeni pale, Burundi wanaisikia redioni.

Mzee wa watu akaenda baraza la kijiji. Hati hana, na sisi hatuna. Wazee wakataka shahidi, akabaki mmoja tu, maana Mama hayupo na wewe hupo. Kaka akanipigia tena. "Skola, wewe umeolewa, mambo haya hayakuhusu. Wakikuuliza sema hujui."

Na nikuambie ukweli, nilipanda basi la asubuhi hapa Kibondo nikiwa nimeshakubali. Njia nzima najisemea sijui, nilikuwa mdogo, sikumbuki. Yalikuwa maneno mepesi. Na Kaka ni kaka, ndiye aliyenibakia.

Wazee walitupeleka bondeni kwa miguu. Kaburi lako lilikuwa pale, udongo umeanza kutitia upande mmoja. Mwenyekiti wala hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye migomba ya Leonidas, akashika shina moja, akaniuliza, "Hii ililetwa na nani?"

Nilifungua mdomo niseme sijui. Badala yake shingo ikaanza kuniwasha, Baba. Ule utomvu! Uliing'oa kwenye shina la Mama miche mitatu, miwili ukanitwika juu ya ngata ya majani, wa tatu ukauweka begani, matope yananishuka mgongoni mpaka ndani ya gauni. Ukaniambia, "Twende tukampe mtu kwake." Leonidas alivyoiona alipiga makofi ya salamu hayaishi, yeye na mkewe, mpaka Mama aliyetufuata akiwa amenuna akacheka. Ndipo ukakata vijiti vya minyaa, mimi nikakushikia kamba inyooke, ukawa unachomeka na kuniambia, "Usijishike macho, mwana wanje."

Nikasema, "Niliibeba mimi. Aliipanda Baba." Sauti ilitoka kavu, kama nasoma tangazo la kanisani. Nikaeleza na kamba, na minyaa, na kwamba Kaka ndiye aliyeikata. Sikumtazama.

Baraza likasema shamba ni la Leonidas.

Hapo Kaka akapiga kelele kwamba basi, atakufukua leo leo, hawezi kumwacha babake kwa mtu. Akakimbilia jembe. Nami, nisamehe, nikawaza heri. Atakupeleka kwa Mama, ulipotaka, na lile shimo litafukiwa na sisi tutasahau. Nilitaka kusema ndiyo.

Leonidas alikuwa ameketi chini ya migomba. Akainuka na fimbo yake, unajua anavyoinuka siku hizi, nusu kwanza halafu nusu nyingine, akaenda kusimama kati ya Kaka na kaburi. Akasema, "Mzee alihamishwa mara moja. Inatosha." Akaikita fimbo chini, akasema, "Nilikaa kwake. Na yeye akae kwangu."

Kaka akashusha jembe. Watu wakaondoka mmoja mmoja.

Sijui kama nilifanya vizuri. Nilipopanda juu nyumbani nikaomba maji ya kunywa, wifi Eda akasema yameisha, na mtungi nauona umejaa, kikombe kinaelea. Nikarudi Kibondo na kiu yangu. Kaka hapokei simu. Kwetu Titye sina tena mlango wa kufikia, Baba, nimebaki na mlango wa Leonidas. Amepanda minyaa upya pale ilipokatwa. Lakini upande wa nyumbani kwetu ameacha nafasi ya kupita mtu mmoja. Ananiambia kwenye simu ni ya Zakaria, siku akitaka kuja kukuona asizunguke. Mpaka sasa Zakaria hajapita. Majani yameota kwenye hiyo njia.

Haya, muhogo wangu mbuzi wameshauona, nimalize.

Maharage yakivunwa nitakuja. Nitafikia kwa Leonidas, nitasimama nje na kupiga makofi ya salamu mpaka waniambie karibu, maana tumekuwa wageni wake, wewe na mimi. Halafu nitamwomba mche mmoja wa ile migomba. Nimefika nyumbani ndipo nikatambua, mjinga mimi: migomba ile ni ya Mama. Ni shina lake lile lile, imezaa na kuzaana bondeni miaka yote hii na mimi ndiye niliyeibeba. Nitauchimbia kichwani pako, na mwaka kesho nitaurudia kuutazama, na mwaka wa mbele yake.

Utakuwa kwenye migomba yake, Baba, kama ulivyosema. Lala sasa. Hakuna atakayekuhamisha.

Mwanao,
Skola