Ugeuze, Sio Nigeuze

Mwenzangu, shangazi amefariki. Sasa hivi tu. Hata sijalia.

Alininong'oneza "ugeuze", mimi nikasikia "nigeuze". Si unajua nilivyozoea kumgeuza kitandani asipate vidonda. Nikamgeuzia ukutani.

Akasema, "Sio mimi, mjinga wewe. Mmea."

Ule wa kwenye kopo dirishani. Umepinda wote kufuata mwanga. Unakumbuka wimbo wake, mmea usipogeuzwa husahau kuwa una upande mwingine.

Nikaenda nikaugeuza. Kurudi, kimya.

Yaani ameniaga kwa mjinga wewe. Mjinga wewe.

Nimemgeuza tena, uso dirishani. Mmea nao umetugeukia. Tumekaa tunatazamana watatu, na sijui nimpigie nani kwanza.