Rangi ya Mjukuu Wetu

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya kituo cha mabasi.
Jumapili mchana, mvua imekatika.

Mpendwa mdogo wangu Asali,

U hali gani huko uliko? Mgongo umekuachia, au bado unainuka kitandani kwa kujisukuma? Na baridi je? Usiniambie umeizoea, nakujua, wewe hata feni ilikuwa inakupa mafua. Mimi mwilini ni mzima. Miguu inakanyaga cherehani, macho bado yanapitisha uzi. Rohoni ndiko siko sawa, ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na salio lingekwisha kabla sijasema kitu.

Nianze na lililo jema: mjukuu wetu yu hai. Yuko hapa nyumbani, ananyonya, anapiga miayo kama mzee aliyetoka kazini.

Unaikumbuka ile picha niliyokutumia alipotoka hospitali, nikaandika "Asali amezaliwa upya"? Ulinipigia ukicheka, ukawaonyesha hadi wenzako wa kazini jinsi alivyochukua weupe wako. Mdogo wangu, ile haikuwa rangi yako. Ule ulikuwa ugonjwa.

Mkamwana wangu, yule msusi, ndiye aliyeona kwanza. "Mama, mbona macho yake yana unjano?" Nikacheka. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo damu ya kwetu, mwanangu. Zoea." Unajua nilivyokuwa nikiusema weusi wake tangu siku mwanangu alipomleta hapa. Nilikuwa nikiuita utani. Utani gani! Yalikuwa maringo tu, na mdomo wangu huu usio na breki.

Na sikuishia hapo. Nilifunga mapazia, yale mazito ya kijani ambayo mteja aliyakataa. Nilitaka mtoto asipigwe na jua, weupe ule usije ukapotea. Hebu fikiria, bibi mzima! Kwenye giza lile nani angeona kwamba unjano umeshafika kwenye nyayo? Mwanangu alikuwa safarini akifunga majokofu, nyumba yote iko mikononi mwangu. Mkamwana aliposema anataka kurudi hospitali, nikamwambia ndiyo kwanza ametoka huko, apumzike.

Kesho yake mtoto akagoma kunyonya. Akalegea, kilio kikawa chembamba. Mkamwana hakuniuliza tena. Alimfunga kwenye shuka akatoka, nami nikamfuata mbio na kandambili zisizofanana.

Daktari alipomfunua chini ya taa, aliuliza swali moja tu: mlikuwa wapi? Halafu akatueleza taratibu. Mama ana damu ya kundi O, mtoto ana kundi A. Kinga zilizomo kwenye damu ya mama zilivuka zikaingia kwa mtoto tangu akiwa tumboni, zikaiona damu yake kama ngeni, zikawa zinaivunja. Ikivunjika ndipo unjano unapotokea, na ukizidi unapanda hadi kwenye ubongo. Unaweza kuua, au kumwacha mtoto kiziwi. Akasema mara nyingi tatizo hilo huwa dogo, taa maalumu zinatosha, ila huyu amecheleweshwa. Hakuniangalia alipolitaja neno hilo. Mkamwana naye hakuniangalia. Natamani mmoja wao angenifokea.

Taa za buluu hazikutosha. Ikabidi abadilishwe damu: wanachota kidogo kwa mrija kitovuni, wanaingiza nyingine kidogo, hivyo hivyo. Nikakunja mkono wa gauni, nikasema chukueni yangu, hata yote. Muuguzi akanipima, akatikisa kichwa. Mimi ni A, na mtoto alihitaji O, ambayo kinga zile haziivunji. Hilo kundi A lake alilirithi kwa baba yake, na baba yake kalitoa kwangu. Kwa hiyo nilisema kweli, Asali, ilikuwa damu ya kwetu. Ndiyo hiyo iliyokuwa inavunjwa.

Aliwekewa damu ya benki, ya mtu tusiyemjua. Nilikaa kwenye benchi la nje nikimwaza mtu huyo. Sijui kama ni mweupe au mweusi, wala sikuthubutu kuuliza. Mungu amzidishie.

Tulipoondoka hospitali tukaambiwa atapimwa masikio mwezi ujao. Juzi nilikuwa nakata kitambaa, mkasi mkubwa ukanidondoka kwenye sakafu, kwaa! Mtoto akashtuka, mikono juu, akaangua kilio. Mkamwana akaja mbio kutoka jikoni. Tukatazamana, halafu tukalia wote watatu. Kipimo bado kiko palepale, lakini mshtuko ule nimeushikilia kwa mikono miwili.

Mkamwana nimemwomba msamaha. Nilimwomba vibaya, macho yangu yakiwa kwenye cherehani. Akajibu tu, "Nimesikia, Mama." Hakusema amenisamehe, nami sitamharakisha.

Leo asubuhi alifungua mapazia yote, akaniita dirishani. "Mama, mwangalie wewe. Ana rangi gani?" Nikamwangalia macho, ufizi, nyayo, kama muuguzi alivyonielekeza. Unjano umekwisha kabisa. Na rangi iliyokuwa chini yake muda wote ni ya mama yake, mweusi ti, anang'aa. Nikamwambia, "Ni wewe mtupu." Kisha akasema, "Basi mshike, nikaoge." Tangu tutoke hospitali hajawahi kuniachia mtoto.

Nakuomba ile picha uifute, na wenzako uwaambie kwamba dada yako alikosea. Humu ndani ya bahasha nimekuwekea nyingine, ya leo, pale dirishani. Mwangalie vizuri. Wakiuliza kafanana na nani, sema kafanana na mama yake.

Nisalimie shemeji na wanao, na yule binamu yetu Domokaya ukionana naye, ila barua hii usimsomee. Mungu akulinde na baridi hiyo, akupe mgongo wa kuinukia vizuri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na aibu yangu yote,

Fundi wa Cherehani