Kura ya Mdomo

Kentucky, 8 Agosti 1874

Dada yangu Keziah,

Mahindi yamebeba vizuri, na yule nguruwe wako mweusi amezaa tisa.

Jaji Pruitt tumemng'oa. Unajua kura ya kwetu ni ya mdomo, na mgombea hukaa palepale kwa karani amshukuru kila anayemtaja. Nilipofika mezani akanitabasamia. "Lemuel ni wetu huyu."

"Andika Hobbs," nikamwambia karani.

"Paza sauti, bwana, huku nyuma hatusikii," mtu akadakia, na watu wakacheka.

Nikapaza. "Hobbs. Na Jaji amkumbuke shemeji yangu Orrin, aliyefungwa naye miaka saba kwa farasi ambaye hakumwiba, mpaka akafia gerezani."

Kicheko kikakatika. Nyuma yangu wakapita wanaume kumi na wanne niliokuwa nikiwazungukia majumbani tangu Pasaka, na kila mmoja akasema Hobbs huku akimkazia Pruitt macho. Ameshindwa kwa kura sita. Nilisimama pale mpaka mwisho, nimwone anavyovaa kofia yake.

Akapita karibu yangu. "Kama ulijua Orrin si mwizi," akaniuliza taratibu, "mbona siku ya kesi ulinyamaza?"

Wewe nawe uliniuliza hivyo hivyo siku ya maziko ya mumeo, nikakupa habari za mahindi. Aliyemchukua farasi yule namjua, Keziah. Ndiye anayekuandikia.

Nduguyo,
Lemuel