Friza Iliyotolewa Kuwa Mbegu

Larteh, 11 Januari 1999

Mwanangu Asabea,

Salamu nyingi. Natumai barua hii itakukuta na afya. Huku tupo, ila goti langu linasumbua msimu huu wa upepo mkavu, na mama yako anakohoa kwa vumbi.

Bekoe dereva alipita jana na habari iliyonifanya nimuulize kama amekunywa. Anasema Jumapili iliyopita uliipeleka friza yako kanisani ukampa Nabii Elkanah, kuwa mbegu ya mwaka mpya. Nikamwuliza, "Friza gani?" Akanijibu, "Mwalimu, kwani anazo ngapi?"

Niruhusu nieleze. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu kupanda na kuvuna, ni kweli. Lakini soma sura ya nane na ya tisa pamoja, usiruke: alikuwa akiwachangishia wenye njaa wa Yerusalemu. Yeye mwenyewe hakuondoka hata na beseni. Tena mkulima hupanda mbegu, mwanangu. Hapandi jembe lake. Friza ile uliinunua kwa miaka minne ya kutembeza samaki juani. Sasa samaki unawaweka wapi? Nijibu waziwazi.

Baba yako

---

Kaneshie, Accra, 2 Februari

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni mzima, nina nguvu, na ni tajiri, kwa jina la Yesu. Tafadhali usiniandikie tena habari za goti. Sema goti limepona. Nabii anatufundisha kwamba anayekiri ugonjwa anaukaribisha, na anayekiri umaskini anautandikia kitanda.

Biashara inakwenda vizuri. Mavuno yangu yako njiani.

Kuhusu Paulo, asante. Lakini kumbuka sherehe za mavuno za kanisa lako, mnapopiga mnada mkungu wa ndizi hadi ufike bei ya mbuzi, na mnunuzi akapewa kiti cha mbele. Na mashindano ya sadaka, kila mtu akitoa na kundi la siku ya juma aliyozaliwa, je? Nilikuwa na miaka tisa. Nani alishika kipaza sauti akasema, "Wa Alhamisi wamekuwa wa mwisho tena, labda Mungu aliwaumba akiwa amechoka"? Kanisa zima lilicheka. Mimi ni wa Alhamisi, baba. Siku ile ndipo nilipojua Mungu anawapenda wenye nacho, na aliyenifundisha si Nabii.

Mwanao

---

Larteh, 27 Machi

Mwanangu Asabea,

Habari za siku nyingi? Mama yako anakusalimu. Kikohozi kimeisha. Habari za goti sizitaji, ili tusigombane.

Lile la kipaza sauti nilikuwa nimelisahau. Ulikuwa utani mbaya, na nimeona aibu. Lakini kosa langu halimfanyi Nabii kuwa na haki. Makosa mawili hayafutani kama hesabu za darasa la tatu.

Bekoe alikuona kwenye taa za kuongozea magari, umebeba maji ya mifuko kichwani, unakimbilia madirisha ya magari. Alipokuita ukamgeuzia mgongo. Asabea, kakao yetu imeuzwa, na fedha za kununua friza nyingine zipo. Sema neno moja tu: "Baba, nahitaji." Zitakuja na gari la kesho yake. Mgonjwa anayemwambia daktari kwamba hajambo atatibiwa nini? Mama yako anataka nizipeleke bila kukuuliza. Nimemwambia asubiri, mtoto lazima aseme kweli kwanza.

Baba yako

---

Kaneshie, 19 Aprili

Baba mpendwa,

Mimi ni mzima na tajiri, kwa jina la Yesu. Sihitaji kitu. Huyo aliyeonekana kwenye taa hakuwa mimi.

Mwanao

---

Larteh, 6 Juni

Mwanangu,

Salamu. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako, na sijapata hata mstari. Nilifundisha miaka thelathini na minne. Nimewaeleza watoto wa watu mpaka wakaelewa mambo magumu kuliko haya. Wewe nakueleza, nakueleza, kama ninayemwaga maji kwenye chekeche. Nichoke? Nimechoka. Lakini nasubiri.

Baba yako

---

Kaneshie, 21 Juni

Baba,

Leo sianzi na kukiri. Mwenye nyumba amenipa hadi mwisho wa mwezi. Kwenye taa nilikuwa mimi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Nabii kumwomba niitumie friza mchana tu, niirudishe jioni. Ipo sebuleni kwake, imejaa soda. Mkewe alinicheka mbele ya wageni: "Dada, tangu lini mkulima akaifukua mbegu aone kama imeota? Na wewe unajiita wa imani!" Wote wakasema amina. Na mimi, baba, nilisema amina nikatoka.

Basi: nahitaji. Nimelitamka, na radi haikunipiga.

Lakini na wewe nina neno. Tangu Machi ulijua, na fedha zilikuwepo. Ulikaa huko Larteh na fedha mkononi ukisubiri nitamke neno. Nabii anasema baraka hazishuki mpaka nitamke. Na wewe unasema hivyo hivyo, ila kwa mwandiko mzuri zaidi. Mama hakuhitaji kunisikia nikisema chochote.

Sijaacha kanisa. Bado naamini Mungu hataki nife maskini. Usinijibu kwa Paulo.

Mwanao

---

Larteh, 23 Juni

Asabea,

Friza ipo kwenye gari la Bekoe, nimeifunga mwenyewe kwa kamba. Ni kuukuu lakini inagandisha. Tumeijaribu siku nzima. Ndani kuna bahasha ya mwenye nyumba. Barua hii inatangulia na gari la leo; sisi tunaondoka kesho alfajiri. Uwe kituoni kesho kabla ya saa nne asubuhi na watu wawili wa kubeba, maana mimi nakuja nayo lakini goti ni bovu.

Ni yako. Ukiitoa tena nitakasirika sana, lakini bado itakuwa yako, na haki ya kuitoa ni yako.

Ulisema kweli kuhusu Machi.

Baba yako